Sasisho la Windows limegoma? Soma namba kabla ya kufomati

Mwalimu mmoja aliniletea laptopu iliyokuwa imefomatiwa mara mbili ndani ya miezi mitatu. Kisa kilikuwa kilekile kila mara: Windows inagoma kujisasisha, fundi anafuta kila kitu na kuiweka upya, wiki chache zinapita, inagoma tena. Mara ya pili alipoteza alama za mitihani za mikondo miwili ya kidato cha pili. Nilipoiwasha, kitu cha kwanza nilichotazama ni saa ya pembeni, chini kulia. Ilisema tupo mwaka 2015. Betri kubwa ilikuwa haikai na chaji, na ile ndogo ya kwenye ubao mama, ya mviringo kama sarafu, ilikuwa imekufa. Kila mara laptopu ilipochomolewa kwenye umeme, saa ilirudi nyuma. Betri ile ndogo bei yake ni ya soda moja au mbili.

Mitaani kwetu kufomati kumekuwa kama panado, dawa ya kila ugonjwa. Lakini Windows ikishindwa kuweka sasisho huacha namba inayoeleza kilichoisibu. Namba hiyo huanza na 0x, kisha hufuata tarakimu na herufi nane. Wengi wakiiona hufunga dirisha. Mimi naichukulia kama karatasi ya daktari: mwandiko hausomeki, ila ugonjwa umeandikwa humo.

Maelezo haya ni ya Windows 10 na Windows 11. Yafuate kwa mpangilio. Ukipona katikati, ishia hapo.

Kwanza hakikisha kuna ugonjwa

Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R. Kitatokea kisanduku kidogo. Andika winver, halafu Enter. Utaona jina la mfumo na toleo lake, kwa mfano 22H2 au 24H2. Kisanduku hicho cha R tutakitumia sana, kwa sababu menyu za Windows huhamahama kila toleo lakini amri zake hazihami.

Ukikuta ni Windows 10, ujue Microsoft ilikomesha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta isiyoletewa chochote tangu siku hiyo haijaharibika. Imefika mwisho wa huduma. Kuna mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama unaokwenda hadi 13 Oktoba 2026 kwa mashine zenye toleo la 22H2, na mtumiaji wa nyumbani hujiandikisha kwa kukubali mipangilio yake ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft, au kwa kulipa dola 30. Windows 7 ilimalizika Januari 2020, na 8.1 Januari 2023. Hapo hakuna cha kurekebisha.

Vilevile, ikiwa kinachogoma ni kuhama kutoka Windows 10 kwenda 11, angalia sifa za mashine kabla ya kuilaumu. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, Secure Boot (ukaguzi wa mfumo kabla haujawaka), RAM ya GB 4 na diski ya GB 64, na kwa upande wa Intel, prosesa kuanzia kizazi cha nane. Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa maduka ya Kariakoo au Luthuli Avenue zina kizazi cha nne hadi cha sita. Muuzaji hakwambii hilo.

Jambo la mwisho kabla hatujashika spana. Sasisho kubwa la usalama hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, asubuhi kwa saa za Marekani magharibi, ambayo kwetu Afrika Mashariki ni saa mbili au saa tatu usiku. Na sasisho hilo ni limbikizi: la mwezi huu limebeba na ya miezi iliyopita. Kwa hiyo kama la mwezi uliopita linakugomea na Jumanne ya pili ni kesho kutwa, subiri. Mara nyingi lile jipya hupita bila maneno. Usisubiri miezi, lakini. Virusi vya WannaCry vilipoitikisa dunia Mei 2017, kiraka cha kuvizuia kilikuwa kimeshatolewa tangu Machi. Waliolia wengi ni wale ambao hawakuwa wamekiweka.

Pata namba

Kwenye kisanduku cha R andika:

ms-settings:windowsupdate-history

Utaletewa orodha ya masasisho yaliyopita na yaliyoshindwa. Tafuta lililoshindwa. Chukua namba mbili: inayoanza na KB, ambayo ni jina la sasisho lenyewe, na inayoanza na 0x, ambayo ndiyo sababu ya kushindwa. Zipige picha kwa simu, maana kwenye hatua moja huko mbele orodha hii itafutika.

Mambo ya kukagua kabla ya amri yoyote

*Washa upya, usizime.* Hili huwashangaza watu. Ukizima kompyuta kwa njia ya kawaida, Windows ya siku hizi haizimiki yote. Huhifadhi kiini chake kwenye diski ili kesho iwake haraka. Na wale wanaofunga tu kifuniko na kuondoka wanailaza usingizi, hawaizimi kabisa. Chagua "Restart". Sasisho lililosubiri mwezi mzima linaweza kumalizika hapo hapo.

*Saa na tarehe.* Kompyuta na seva za Microsoft huzungumza kwa vyeti vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayodhani ni mwaka 2015 hukataa vyeti vyote, kwa kuwa machoni pake havijaanza kufanya kazi. Andika ms-settings:dateandtime kwenye kisanduku cha R, washa upangaji wa saa wa moja kwa moja, na hakikisha ukanda wa saa ni UTC+03:00 Nairobi. Mtanzania naye achague Nairobi, asione wivu. Dar es Salaam haimo kwenye orodha. Aliyeko Bujumbura, Kigali au Lubumbashi achague ukanda wa UTC+02:00. Ikiwa saa inarudi nyuma kila ukichomoa waya, badilisha betri ya ubao mama. Mara nyingi ni ya aina ya CR2032. Kwenye laptopu huja na kijiwaya chake, hivyo nenda na ile ya zamani dukani.

*Nafasi.* Fungua "This PC" utazame diski C. Kwa sasisho la kila mwezi napenda kuona angalau GB 10 ziko wazi. Kwa kuhamia toleo jipya zima, GB 20 au zaidi. Zikiwa pungufu, andika cleanmgr kwenye kisanduku cha R, chagua C, kisha bofya "Clean up system files" na uweke tiki kwenye masasisho ya zamani na mafaili ya muda. Soma kila mstari kabla ya kuweka tiki: baadhi ya matoleo yalikuwa na mstari wa folda ya vitu ulivyopakua, na nimeshuhudia mtu akifuta tasnifu yake kwa mkono wake mwenyewe.

Wenye laptopu ndogo za diski ya GB 32 mna mtihani wa pekee. Windows peke yake inakula sehemu kubwa ya diski hiyo, na hata ukifuta picha zote haitoshi. Chomeka flashi au diski ya nje yenye nafasi ya kutosha kabla ya kuanza kuhamia toleo jipya. Windows ikiishiwa inaweza kukuuliza kama itumie hiyo kuhifadhia vitu vya muda. Usiichomoe mpaka kazi iishe. Mbinu nyingine ni kuandika amri powercfg /h off katika dirisha la amri, ambalo nitaeleza jinsi ya kulifungua kwenye sehemu ya "Safisha chumba cha masasisho". Amri hiyo hufuta faili kubwa la kuhifadhia usingizi wa kompyuta na kukurudishia GB kadhaa, na pia huondoa ule uzimaji wa nusunusu niliousema.

*Mtandao.* Wengi wetu tunatumia bando la simu. Kama uliwahi kuiambia Windows kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo, basi haitapakua mengi yenyewe, itangoja ubofye. Andika ms-settings:network-wifi, ingia kwenye sifa za mtandao unaotumia, utakiona kitufe cha "Metered connection". Kizime kwa usiku mmoja ambao una bando la kutosha, kisha ukiwashe tena ili kesho usiamke MB zimeliwa. Mtandao ukikatika katikati usihangaike kuanza upya: upakuaji wa Windows huendelea pale ulipoishia. Ukiwa na VPN, yaani programu inayopitisha mtandao wako kwenye seva nyingine, izime kwanza.

Mwenye stesheneri au saiba yenye mashine nyingi asipakue kitu kilekile mara kumi. Andika ms-settings:delivery-optimization, ruhusu kupokea kutoka kwa kompyuta nyingine, ila chagua za mtandao wa ndani tu. Mashine moja ikishapakua, nyingine huchota kwake.

*Umeme.* Laptopu iwe kwenye chaja na betri iwe na uhai. Ya mezani iwe na UPS, ile betri ya akiba, au subiri saa ambazo umeme wa mtaani kwenu haukatiki ovyo. Umeme ukikatika wakati mafaili ya mfumo yanabadilishwa, mara nyingi Windows hujirudisha nyuma ikiwaka, lakini si kila mara.

Asilimia ikiganda je? Kwenye diski ya kuzunguka, ile ya zamani yenye mlio, kukaa kwenye asilimia 30 kwa saa nzima ni jambo la kawaida. Tazama taa ya diski. Ikipepesa, kazi inaendelea, nenda kapike. Mimi huipa saa tatu kabla ya kubonyeza kitufe cha kuzimia.

Namba inasema nini

Namba ni nyingi, ila zinazokuja mezani kwangu zina koo chache.

0x80070070 ni diski imejaa, basi. Rudi kwenye nafasi.

0x80072f8f ni ukoo wa saa: mazungumzo ya usalama kati yako na seva yamekataliwa. Ndiyo aliyokuwa nayo mwalimu wangu.

0x80072ee2 na 0x80072efe ni mtandao: seva haikujibu kwa wakati, au mawasiliano yalikatwa njiani. Badilisha mtandao kabla ya kubadilisha chochote kingine. Hotspoti ya simu ya jirani kwa dakika kumi itakupa jibu.

0x80070020 inamaanisha faili linalotakiwa limeshikwa na programu nyingine. Mshukiwa wa kwanza ni antivairasi uliyojiwekea. Zima ulinzi wake kwa muda, jaribu, kisha uuwashe.

0x80070422 ni huduma iliyozimwa, na hapa kuna hadithi. Windows nyingi zinazosambazwa kwa flashi mitaani zimechongwa: mtu aliondoa au kuzima huduma ya masasisho ili mashine iwe nyepesi, au ili kile kidude cha kuifanya ionekane imelipiwa kisigunduliwe. Andika services.msc, tafuta "Windows Update", bofya mara mbili. Ikisomeka "Disabled", ibadilishe iwe "Manual" na uianzishe. Ikikataa, au isipokuwepo kabisa kwenye orodha, usipoteze siku yako. Windows hiyo haikuja nzima. Nenda moja kwa moja kwenye hatua ya mwisho, na safari hii tumia faili lililotoka Microsoft.

Laptopu za mtumba zilizotoka maofisini zina ndugu wa tatizo hili. Kuna nyingine bado zinatafuta masasisho kwenye seva ya kampuni iliyozimiliki huko Ulaya au Dubai, seva ambayo wewe huwezi kuifikia. Dalili yake ni maandishi kwamba baadhi ya mipangilio inasimamiwa na taasisi. Kwenye dirisha la amri andika:

reg query HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate /s

Ukiona neno WUServer likifuatwa na anwani usiyoijua, na kompyuta ni mali yako, ondoa mpangilio huo:

reg delete HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate /f

Kisha washa upya. Kama kompyuta ni ya mwajiri wako, usiguse. Mpangilio huo umewekwa kwa makusudi, nenda kwa watu wa TEHAMA.

0x80073712, 0x800f081f na 0x8007000d ni mafaili yaliyoharibika au yanayokosekana ndani ya ghala la Windows. Tiba yake ni amri za DISM na SFC, zinakuja.

0xC1900101 hutokea wakati wa kuhamia toleo jipya, na karibu daima ni draiva, yaani programu ndogo inayoendesha kifaa. Chomoa kila kitu: printa, flashi, modemu, diski ya nje, hata kisoma kadi. Bakiza kipanya na kibodi. Kisha ingia tovuti ya mtengenezaji wa laptopu yako uchukue draiva mpya za kadi ya picha na ya mtandao, ujaribu tena.

0x800f0922 ni sehemu ndogo ya diski iliyofichwa kwa ajili ya kuwashia mfumo; imejaa. Wakati mwingine ni VPN tu.

0x80070643 iliwatesa watu duniani kote kuanzia Januari 2024, pale sasisho KB5034441 la Windows 10 lilipohitaji MB 250 wazi kwenye sehemu ya diski ya uokoaji. Kompyuta nyingi hazikuwa nazo, na Windows haikusema "nafasi haitoshi", ilitoa namba hiyo tu. Andika reagentc /info kwenye dirisha la amri. Ukijibiwa kwamba uokoaji umezimwa, yaani "Disabled", sasisho hilo si la lazima kwako, lipuuze. Ukiwa umewashwa, tiba ni kupanua sehemu hiyo kwa kukata kipande cha diski C. Mimi simshauri mtu asiyewahi kugawa diski afanye hivyo akiwa na kitabu cha amri mkono mmoja na mafaili yake yote humo humo.

Safisha chumba cha masasisho

Kabla ya hapa, nakili mafaili yako muhimu kwenye flashi au diski ya nje. Si kwa sababu amri hizi ni za hatari. Ni kwa sababu diski inayoharibu mafaili ya Windows inaweza kuwa inakufa yenyewe.

Sasa fungua dirisha la amri: bofya Start, andika cmd, kisha bofya jina linalojitokeza kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uchague "Run as administrator". Andika mstari mmoja mmoja, Enter kila baada ya mstari:

net stop wuauserv
net stop bits
net stop cryptsvc
ren C:\Windows\SoftwareDistribution SoftwareDistribution.old
ren C:\Windows\System32\catroot2 catroot2.old
net start cryptsvc
net start bits
net start wuauserv

Mistari mitatu ya mwanzo inasimamisha huduma za masasisho. Miwili ya kati inabadilisha majina ya folda ambamo Windows huweka vitu ilivyopakua na orodha zake. Isipoziona, hutengeneza nyingine mpya, safi. Ukiambiwa ruhusa imekataliwa, huduma mojawapo imejiamsha yenyewe, nayo hufanya hivyo kwa ukaidi. Rudia kuisimamisha na uandike ren haraka. Historia ya masasisho itaonekana tupu. Ndiyo maana nilisema upige picha.

Washa upya, andika ms-settings:windowsupdate, bofya kitufe cha kutafuta masasisho. Hatua hii huponya sana pale upakuaji unapokwama kwenye asilimia ileile kila siku. Mambo yakienda sawa, baada ya siku chache unaweza kufuta zile folda mbili za .old.

Tibu ghala la mfumo

Ikigoma bado, au namba yako ni ya ukoo wa mafaili yaliyoharibika, rudi kwenye dirisha la amri lenye mamlaka ya msimamizi:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

Ikimaliza:

sfc /scannow

Mpangilio una maana. SFC hurekebisha mafaili ya Windows kwa kuchukua nakala kutoka ghalani. DISM hurekebisha ghala lenyewe. Ukianza na SFC wakati ghala limeoza, unafunga kidonda kwa kitambaa kichafu. DISM inahitaji intaneti, na hupenda kuganda kwenye asilimia 62.3 kiasi cha kukufanya uamini imekufa. Haijafa. Iache.

DISM ikilalamika kwamba haioni chanzo, na kutoa 0x800f081f, ipe chanzo mkononi. Pakua faili la ISO la Windows kutoka tovuti ya Microsoft, toleo lilelile ulilonalo, ulibofye mara mbili lifunguke kama diski. Tuseme imepewa herufi D:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth /Source:wim:D:\sources\install.wim:1 /LimitAccess

Ingia folda ya sources kwanza utazame: likiwa install.esd badala ya install.wim, badilisha sehemu zote mbili zenye wim ziwe esd. Namba 1 ya mwisho ni aina ya Windows ndani ya faili, na yako inaweza kuwa nyingine, kwa mfano Pro badala ya Home. Kuijua, andika DISM /Get-WimInfo /WimFile:D:\sources\install.wim.

SFC ikisema imekuta uharibifu na kuurekebisha, iendeshe tena mpaka iseme haioni kitu. Ikiwa kila ukiiendesha inakuta uharibifu mpya, acha Windows. Kagua diski kwa chkdsk C: /scan, na uanze kutafuta pesa ya SSD, diski mpya isiyozunguka.

Weka sasisho kwa mkono

Una ile namba ya KB? Ingia catalog.update.microsoft.com, iandike kwenye kisanduku cha kutafutia. Chagua mstari unaolingana na toleo lako na aina ya prosesa. Kwa walio wengi ni x64. Utapata faili la .msu. Libofye mara mbili, linajiweka.

Njia hii naipenda kwa ajili ya walio mbali na mtandao mzuri: unapakua mjini, unabeba kwenye flashi hadi shuleni au zahanati, unaweka kwenye mashine zote. Kwa Windows 11 kuanzia 24H2, ukibofya kupakua unaweza kuletewa faili zaidi ya moja. Zichukue zote, ziweke kwenye folda moja, maana lile jipya huweza kulitegemea la zamani.

Ikiwa haiwaki tena baada ya sasisho

Skrini ya bluu, au inazunguka bila kufika popote. Iwashe, na mara tu alama ya Windows inapoanza kuonekana ishikilie kitufe cha kuzimia mpaka izime. Rudia. Mara ya tatu hivi itakuletea mazingira ya uokoaji badala ya kuwaka. Pita "Troubleshoot", "Advanced options", kisha "Uninstall Updates", uondoe lile la mwisho la kawaida.

Hapo kompyuta inaweza kukudai ufunguo wa BitLocker, kufuli ya diski ya Windows, wenye tarakimu 48. Wengi hawajui hata kama diski yao imefungwa; mashine zenye Windows 11 zilizoanzishwa kwa akaunti ya Microsoft mara nyingi hufungwa zenyewe. Tumia simu uingie aka.ms/myrecoverykey kwa akaunti ileile. Ni afadhali kuuchukua ufunguo huo leo, kompyuta ikiwa nzima, ukauandika kwenye daftari.

Ikiwaka, nenda kwenye ukurasa wa masasisho na uyasimamishe kwa wiki moja au mbili ili lilelile lisirudi kesho. Windows inaruhusu hadi wiki tano.

Kuweka Windows juu ya Windows

Hii ndiyo inayopaswa kuchukua nafasi ya kufomati. Chukua ISO ya Microsoft. Ya Windows 11 inazidi GB 5, jipange kwa bando. Ifungue ukiwa ndani ya Windows yako, siyo kwa kuwashia kompyuta kwenye flashi, na ubofye setup.exe. Itauliza unataka kubakiza nini. Chagua mafaili binafsi na programu, "Keep personal files and apps". Chaguo hilo likiwa limefifia na halibofyeki, simama hapo hapo: ama lugha ya ISO si ile ya Windows yako, ama aina haifanani, au ISO ni ya toleo la zamani kuliko lako. Tafuta inayolingana. Ukiendelea kwa pupa utapoteza programu zote.

Chomoa vya pembeni, zima antivairasi, hakikisha umeme, na uipe saa moja hadi tatu. Itawasha upya mara kadhaa. Windows ya zamani itabaki kwenye folda iitwayo Windows.old kwa siku 10, na ndani ya siku hizo unaweza kurudi ulikotoka. Ikishindwa na hapo, fungua C:\$WINDOWS.~BT\Sources\Panther na utafute faili la setuperr.log; mistari ya mwisho mwisho hutaja draiva au programu iliyozuia.

Ikimaliza, andika winver, linganisha na ulichokiona mwanzo, kisha bofya kutafuta masasisho mara mbili au tatu mpaka isiwe na la kuleta. Laptopu ya mwalimu haikuhitaji kufika huku. Betri, saa, kuwasha upya; usiku uleule ilipakua masasisho yote iliyokuwa ikidaiwa, na alikuja kuichukua asubuhi kabla ya kengele ya kipindi cha kwanza.